Kocha Si Mganga

Mpenzi msikilizaji, kuna ubishi usiokwisha katika vijiwe vyetu vya kahawa, na hupamba moto zaidi kila ufikapo mwezi Juni, wakati wa fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani. Upande mmoja husema timu ni wachezaji: mpeni mtu yeyote Michael Jordan, hata huyu muuza kahawa wetu, naye atatwaa ubingwa. Upande wa pili hujibu kwamba wachezaji wasio na mwalimu ni kundi la watu waliovaa fulana za rangi moja, basi. Ubishi wenyewe ni mtamu, vikombe hujazwa na kujazwa tena, na mwishowe kila mtu hurudi nyumbani na msimamo ule ule aliokuja nao.

Leo nami nauingia ubishi huo. Siuingii kwa ajili ya Wamarekani, maana wao wana watu wao wa kuwasemea. Nauingia kwa sababu jibu lake linawahusu vijana wetu wenyewe, na huko nitafika.

Nianze na huyo huyo Jordan. Katika msimu wa 1986/87 alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa kila mchezo. Hiyo ni hesabu ya kutisha. Lakini timu yake, Chicago Bulls, ilishinda michezo 40 na kupoteza 42, kisha katika hatua ya mtoano ikafungwa na Boston Celtics michezo mitatu kwa bila, ikafungasha virago. Mchezaji hatari kuliko wote alikuwa nao, ubingwa hawakuwa nao.

Mwaka 1989 uongozi wa Chicago ukamkabidhi timu Phil Jackson. Yeye na msaidizi wake, mzee Tex Winter, wakafundisha mfumo wa kushambulia kwa pembetatu, ambamo mpira haulali mikononi mwa mtu mmoja. Kila mchezaji husoma mwenzake amesimama wapi, naye akajipanga kwa kadiri hiyo. Mwanzoni Jordan hakuupenda mfumo huo, maana ulimtaka autoe mpira kwa watu aliowazidi uwezo. Hata hivyo aliufuata. Mwaka 1991 Chicago ikawa bingwa, na hadi mwaka 1998 ilikuwa imetwaa vikombe sita. Kwa haki, wakati huo huo Scottie Pippen naye alikuwa amekomaa, na bila yeye sidhani kama hadithi hii ingesimuliwa.

Hapo wale wa upande wa kocha watapiga makofi. Nawaomba wasubiri kidogo, kwa maana ninaye mtu mwingine wa kuwaonyesha.

Mtu huyo ni Larry Brown. Katika historia ya mchezo huu Marekani, ni yeye pekee aliyetwaa ubingwa wa vyuo vikuu, akiwa na Kansas mwaka 1988, na ubingwa wa NBA pia. Huo wa NBA aliupata Juni 2004 akiifundisha Detroit Pistons. Walikutana na Los Angeles Lakers yenye Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton, na aliyekaa kwenye benchi lao ni Phil Jackson yule yule, akiwa na vikombe tisa. Detroit haikuwa na jina la kulinganishwa na hayo. Ben Wallace, nguzo ya ulinzi wao, ni mtu ambaye siku ya timu kuchagua wachezaji wapya mwaka 1996 hakuchaguliwa na timu yoyote. Chauncey Billups alikuwa amekwisha kupita katika timu kadhaa kabla ya kutulia Detroit. Watu hao ndio waliowafunga Lakers michezo minne kwa mmoja. Katika mchezo wa tatu waliwabana hadi wakaambulia pointi 68. Ni kweli kwamba Malone alikuwa na goti bovu, lakini goti moja halielezi kipigo cha namna ile.

Sasa subiri miezi miwili tu. Agosti 2004, Larry Brown huyo huyo akaipeleka timu ya taifa ya Marekani kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Athens. Alikuwa na Tim Duncan na Allen Iverson, na vijana watatu ambao dunia nzima ingewajua baadaye: LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Mchezo wa kwanza wakafungwa na Puerto Rico 92 kwa 73. Tangu wachezaji wa NBA walipoanza kushiriki Olimpiki mwaka 1992, Marekani haikuwa imepoteza hata mchezo mmoja. Wakafungwa tena na Lithuania, kisha katika nusu fainali wakafungwa na Argentina 89 kwa 81. Wakarudi na shaba.

Wengi wa wachezaji waliowavusha katika mechi za kufuzu mwaka 2003 hawakwenda Athens. Kikosi kilichokwenda kilikusanywa majuma machache tu kabla ya mashindano. Argentina kwa upande wao walikuwa na mwalimu Ruben Magnano, na kikosi ambacho wengi wao walifahamiana tangu timu za vijana. Waarjentina hao walikuwa wamekwisha kuifunga Marekani mwaka 2002, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Marekani kwenyewe. Kwa hiyo mambo ya Athens hayakuwa ajali. Nyumba iliyojengwa kwa miaka ilikutana na hema lililosimikwa jana.

Ya Brown hayajaisha. Mwaka 2005 aliingia mkataba wa miaka mitano na New York Knicks. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 23 ikapoteza 59. Mwalimu na mchezaji wake mkubwa, Stephon Marbury, wakawa wanarushiana maneno kwenye magazeti, na ulipofika Juni 2006 Brown alikuwa amefukuzwa. Mkataba wa miaka mitano uliishi mwaka mmoja.

Ebu tuhesabu, ndugu msikilizaji. Katika miaka miwili, mtu mmoja, mwenye kichwa kile kile na ujuzi ule ule, alitwaa ubingwa wa NBA bila nyota wa kutisha, akashindwa dhahabu akiwa na kundi la nyota, kisha akaburuza mkia New York. Ikiwa kocha ndiye kila kitu, matokeo hayo matatu yanaelezwaje? Na ikiwa wachezaji ndio kila kitu, Athens inaelezwaje?

Jibu langu ni hili. Kocha si mganga. Hafiki usiku na hirizi, kesho yake timu ikashinda. Kinacholeta ushindi wa kudumu ni mazoea ya timu, yaani mambo ambayo wachezaji wanayafanya bila kuambiwa kwa kuwa wameyafanya pamoja mara elfu. Mazoea hayo hupandwa na mwalimu, hukubaliwa na wachezaji, hulindwa na uongozi, na yanataka muda. Ukiondoa kimoja katika hivyo, vilivyobaki havikusaidii sana.

Mfano mzuri wa jambo hilo ni San Antonio Spurs. Gregg Popovich, ambaye aliwahi kuwa msaidizi wa Larry Brown, alichukua ukocha wa timu hiyo Desemba 1996. Msimu huo walimaliza na ushindi wa michezo 20 dhidi ya vipigo 62. Katika miji mingi kocha wa namna hiyo angeonyeshwa mlango. San Antonio walimwacha. Mwaka 1997 bahati ikawaangukia, wakapata nafasi ya kwanza ya kuchagua mchezaji mpya, wakamchukua Tim Duncan. Popovich akafunga safari hadi kisiwa cha St. Croix kumtembelea kijana huyo kwao. Tangu hapo walicheza hatua ya mtoano misimu 22 mfululizo, wakatwaa vikombe vitano: 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014.

Walifanya nini cha ajabu? Ukiyatazama mambo yao moja moja, utayaona ya kawaida kabisa. La kwanza, aliyekemewa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Duncan, mtu aliyepata tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2002 na 2003. Naye alinyamaza, akasikiliza, akaenda kurekebisha. Baada ya hapo, mchezaji gani wa akiba angethubutu kununa? La pili, timu ikiwa safarini, Popovich aliwakalisha meza moja wachezaji kutoka Argentina, Ufaransa, Brazil, Australia na kwingineko, wakala chakula cha jioni polepole na kuzungumza mambo yasiyohusu mpira. La tatu, Manu Ginobili, yule yule aliyeizamisha Marekani kule Athens, alikubali kuanzia benchi kwa miaka mingi ili kikosi cha pili kiwe na nguvu. Mchezaji mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki anakaa, anasubiri zamu yake. La nne, Duncan mwenyewe alikubali kupunguziwa mshahara ili timu iweze kuwalipa wengine.

Sasa tazama mambo hayo ya kawaida yanavyofanya kazi siku ya shida. Mwaka 2013, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Miami Heat, San Antonio walikuwa mbele kwa pointi tano huku zikibaki sekunde 28. Kikombe kilikuwa kimeanza kuandaliwa. Katika sekunde za mwisho Popovich akamweka Duncan nje, Miami wakakosa, wakaudaka tena mpira uliorudi, na Ray Allen akafunga kutoka mbali kikapu cha pointi tatu kilichosawazisha. San Antonio wakafungwa katika muda wa nyongeza, na mchezo wa saba wakafungwa tena. Je, ni timu ngapi zingevunjika hapo? Ni wachezaji wangapi wangekwenda kwenye vyombo vya habari kusema kocha ametuponza?

Hakuna aliyesema. Msimu uliofuata walirudi karibu wote. Katika msimu huo hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa San Antonio aliyecheza wastani wa dakika 30 kwa mchezo, ilhali mchezo wa NBA una dakika 48. Kazi iligawanywa kama shamba la ujima. Juni 2014 wakakutana tena na Miami wakawafunga michezo minne kwa mmoja, na katika kila ushindi tofauti ilikuwa pointi 15 au zaidi.

Huo ndio utamaduni wa timu ninaouzungumzia. Hauonekani siku ya sherehe. Unaonekana asubuhi ya kipigo, watu wanapotafutana wa kumlaumu.

Lakini nisije nikaonekana nimehamia upande wa kocha moja kwa moja. Duncan alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2018 Ginobili akastaafu, Tony Parker akaondoka, na Kawhi Leonard, mchezaji bora wa fainali ya 2014, akahamishwa baada ya kutoelewana na timu. Popovich alibaki, meza ya chakula ilibaki, makemeo yalibaki. Msimu wa 2022/23 walishinda michezo 22 na kupoteza 60. Msimu wa 2023/24, wakiwa wamempata kijana mrefu wa Kifaransa, Victor Wembanyama, hesabu ikawa ile ile: 22 na 60. Popovich alipoacha ukocha Mei 2025 kwa sababu za kiafya, alikuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo, michezo 1,422 ya msimu wa kawaida. Naye mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba bila Duncan asingefika huko. Mkulima hodari hawezi kuvuna mahindi pasipo mbegu.

Wamarekani wenyewe walijifunza somo hilo baada ya Athens. Mwaka 2005 walimpa Jerry Colangelo usimamizi wa timu ya taifa, naye akataka kila mchezaji aahidi kuitumikia kwa miaka mitatu. Ukocha akapewa Mike Krzyzewski. Mwaka 2006 wakafungwa na Ugiriki katika nusu fainali ya mashindano ya dunia. Kocha hakufukuzwa. Mwaka 2008 mjini Beijing, James, Wade na Anthony wale wale wa Athens, safari hii wakiwa pamoja na Kobe Bryant, waliifunga Hispania 118 kwa 107 na kuchukua dhahabu. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa muda.

Sasa, mpenzi msikilizaji, nifike nyumbani kama nilivyoahidi.

Juni 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa NBA. Nyuma yake walikuwamo James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba. Hajatokea Mtanzania mwingine aliyefika pale. Alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Chuo Kikuu cha Connecticut kilimlea kwa miaka mitatu chini ya mwalimu mmoja, Jim Calhoun, na mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, akawa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East.

Memphis Grizzlies waliomchukua walikuwa na senta mwingine, Mhispania Marc Gasol, na walikuwa na haraka ya kushinda. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa ligi ya chini. Februari 2011 akahamishiwa Houston, Machi 2012 Portland, kisha Oklahoma City. Timu nne katika misimu mitano. Alimaliza na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo, na hata leo wapo wanaolitumia jina lake kama mzaha.

Mimi mzaha huo haunichekeshi. Mtazame Duncan kwa upande mwingine. Naye alichelewa kuanza. Alikuwa mwogeleaji mpaka kimbunga cha mwaka 1989 kilipoliharibu bwawa la kwao St. Croix, ndipo akageukia kikapu. Alikaa chuoni miaka minne na mwalimu mmoja, kisha miaka 19 na Popovich. Kijana mmoja aliyechelewa kuanza alipata walimu wawili katika miaka 23. Mwenzake, mara tu baada ya chuo, alipata timu nne katika misimu mitano.

Sisemi kwamba Thabeet angekwenda San Antonio angekuwa Duncan. La hasha. Duncan alikuwa na kipaji cha pekee, na Thabeet alikuwa na upungufu wake: madhambi mengi, na mikono iliyokuwa bado inajifunza kufunga. Wala siwalaumu Memphis, maana walikuwa na mahesabu yao. Ninachosema ni kwamba mchezaji anayehitaji kufundishwa hafundishiki njiani, begi likiwa begani. Na sisi tuliobaki huku tulipima safari yake kwa kitu kimoja tu, urefu wake, halafu tukamhukumu kwa kitu kimoja tu, pointi zake.

Tabia hiyo tunayo hata katika viwanja vyetu. Katika kazi yangu nimekaa pembezoni mwa viwanja vingi, na nimeona klabu ikibadilisha mwalimu baada ya vipigo vitatu. Mpya akija anafuta mfumo wa yule wa kwanza, vijana wanaanza upya, na kabla hawajauzoea naye anaondoka. Nimeona kijana mrefu akiitwa timu ya kwanza ili kuwatisha wapinzani, asifundishwe hata namna ya kusimama chini ya kikapu. Nimeona mchezaji nyota akifika mazoezini saa anayotaka, mwalimu akaangalia pembeni kwa kuwa Jumapili kuna mechi. Kisha tukishindwa tunasema Watanzania hatuna vipaji.

Vipaji vipo. Na siku hizi milango imeongezeka. Tangu mwaka 2021 Afrika ina ligi yake ya kikapu, BAL, iliyoanzia Kigali, si mbali na sisi. Vijana wetu na wa jirani zetu wataendelea kuondoka kwenda huku na huko, wengine kwa masomo, wengine kwa mikataba. Hapo ndipo ushauri wangu kwa wazazi na viongozi ulipo. Akija mtu kumtaka kijana, msiulize kwanza dola ngapi wala shule ina jina gani. Ulizeni nani atakayemfundisha, ana mpango gani naye, na amepanga kukaa naye kwa muda gani. Mwalimu asiyeweza kujibu maswali hayo matatu anatafuta kimo, hatafuti mtu.

Kwa viongozi wa klabu, ombi langu ni jepesi kulisema na gumu kulitenda. Mpeni mwalimu misimu mitatu. Mdaini mazoezi ya kila siku, mdaini nidhamu inayoanza kwa nyota na kushuka kwa wa mwisho, mdaini vijana wanaoongezeka ujuzi mwaka hadi mwaka. Asipoyatoa hayo, muageni kwa heshima. Lakini msimfukuze kwa kipigo cha Jumapili mkamleta mwingine mkitarajia miujiza Jumapili inayofuata.

Na nyie wa kijiweni, ubishi endeleeni nao, kahawa haijaisha. Ila atakapotokea wa kusema kocha ndiye kila kitu, mtajieni Larry Brown. Na atakapotokea wa kusema wachezaji ndio kila kitu, mtajieni Larry Brown huyo huyo.

Kwa juma hili naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.